Mtoto wa Dodoma kwenye meli ya vilindini: kazi kubwa ni kuandika lebo

Mbukwenyi wakuu.

Jana kuna mdau kauliza hivi: yuko mwaka wa tatu, anasoma maikrobayolojia hapahapa Dodoma, na kaona nafasi ya mwanafunzi kwenye meli ya utafiti inayokwenda kuchunguza vijidudu vya chemchemi za moto zilizo chini ya bahari. Hajui kuogelea. Hajawahi kupanda hata pantoni ya Kigamboni. Anataka kujua kama kazi hiyo ipo kweli, watu wanafanya nini huko, na kama mtu wa bara aombe au awaachie watu wa Pwani. Wa kwanza kumjibu kasema ni utapeli, wa pili kamwambia atafute hirizi. Mimi nimeshakwenda mara moja, wiki tano, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Utapeli kwanza, tumalize. Kazi hizi zipo. Mimi sikutoa hata shilingi mia ya "usajili". Nauli, chakula na kitanda vilikuwa juu ya mradi, nilichohangaikia ni paspoti na cheti cha daktari. Ukiombwa hela ya fomu, hapo hakuna meli, kuna mtu na laini yake ya simu. Kuogelea nako kusikutishe, maana hakuna anayeogelea. Siku ya kwanza mnafundishwa kuvaa vazi la kuokolea, zito, linakufunika mpaka kidevuni, unatembea kama bata, wenzako wanacheka, imeisha.

Nilipandia meli Port Louis, Mauritius. Kutoka hapo ni siku tatu usiku na mchana kuelekea kusini mashariki, hadi katikati ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo safu tatu za milima ya chini ya maji zinakutana. Siku hizo tatu nilizitapika zote. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla meli haijang'oa nanga, maana ukishaanza hata kidonge hakikai tumboni. Baharia mmoja wa makamo alinihurumia, akanipa kipande cha tangawizi mbichi nitafune na kunikalisha sitahani nitazame pale bahari inapokutana na mbingu. Siku ya nne nikala wali. Na kwa taarifa yako, aliyetapika kuliko sisi wote alizaliwa na kukulia hatua chache toka ufukweni.

Sasa kazi yenyewe. Kabla sijaondoka nilikwenda Bahi kumuaga bibi yangu. Nikamkuta jikoni, maharage yako motoni. Nikamweleza nakwenda kuangalia wadudu wanaoishi kwenye maji ya moto chini ya bahari.

"Moto kama haya?"

"Zaidi ya mara tatu ya hayo, bibi."

Akaniangalia kama mtu aliyepitia kilabuni. "Maji yakifika hapa yanachemka, mjukuu wangu, yanakuwa mvuke yanaondoka. Hiyo mara tatu inakaa wapi?"

Ukienda kwenye usaili na swali hilo la bibi kichwani, umefika nusu ya safari. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza ni pungufu, ndiyo maana maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na maharage yanakula mkaa kuliko Dar. Geuza sasa. Kila ukishuka mita 10 baharini, kanieneo, yaani huo mkandamizo, inaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu yetu. Uwanja wa chemchemi tulioufanyia kazi unaitwa Kairei, uligunduliwa na Wajapani mwaka 2000, na uko karibu mita 2,450 chini. Piga hesabu mwenyewe. Kwa mkandamizo huo maji yanatoka kwenye mwamba yakiwa na nyuzi karibu 360 na hayachemki. Yanatoka yamebeba madini na gesi, yakigusana na maji ya bahari yenye nyuzi 2 tu, salfaidi za chuma na za shaba, yaani chuma na shaba vilivyoungana na salfa, zinaganda papo hapo kuwa chembe nyeusi. Kwa mbali unaona dohani linatoa moshi. Ule si moshi, ni madini, na dohani lenyewe limejengwa na madini hayohayo.

Bibi hakuishia hapo. "Na huko kwenye giza wanakula nini?" Nikamwambia mimea yetu inatengeneza chakula kwa nguvu ya jua, ila vijidudu vya kule vinatumia gesi zinazotoka na yale maji: haidrojeni, haidrojeni salfaidi ile inayonuka yai viza, methani. Vinaziunguza kidogokidogo kwa kemia yao, na nguvu inayopatikana vinajengea miili. Bibi akakoroga maharage. "Kumbe wanapikia gesi." Nimesikiliza mihadhara mingi tangu siku ile, sijasikia aliyeifupisha hivyo.

Wanasayansi wenyewe mambo haya yaliwakuta hawajajiandaa. Mwaka 1977 wanajiolojia walishuka na nyambizi Alvin karibu na visiwa vya Galápagos kutafuta maji ya moto. Wakakuta na viumbe, makombe na minyoo mirefu iliyosimama kwenye mirija yake. Msafara ule haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, na baadhi ya vielelezo vilibidi vihifadhiwe kwenye vodka iliyokuwamo melini. Kila nikilalamika kwamba maabara yetu haina hiki wala kile, huwa naikumbuka ile vodka.

Na kwa kuwa mdau ni mtu wa maabara, hili atalielewa haraka. Otoklevu, ile sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu, tunaiweka nyuzi 121 kwa dakika 15 na tunaamini kila kilichomo kimekufa, sivyo? Mwaka 2008 Wajapani walitangaza kijidudu kilichotoka hapohapo Kairei, aina ya Methanopyrus kandleri, ambacho chini ya kanieneo kubwa kiliendelea kuzaliana kwenye nyuzi 122. Kinakula haidrojeni na kaboni dayoksaidi, kinatoa methani. Usiogope, hakiwezi kukuambukiza, kwake mwili wako ni barafu.

Ratiba yangu ilikuwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana, kila siku, bila Jumapili. Roboti linashushwa kwa waya mnene na winchi, linachukua zaidi ya saa nzima kufika chini, na sisi tunakaa kwenye chumba chenye giza na skrini nyingi, baridi tupu, kama banda la mpira lakini hakuna anayepiga kelele. Mara ya kwanza taa za roboti zilipolimulika lile dohani nilisahau kupumua. Uduvi weupe wamejazana ukutani kama nyuki kwenye mzinga, na pembeni yao konokono mwenye magamba ya chuma mguuni. Ndiyo, chuma, salfaidi ya chuma hasa. Bakteria anaowafuga kwenye tezi ya kooni ndio wanaomlisha. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa sababu madini ya kule chini yana watu wanaotaka kuyachimba.

Hiyo ndiyo sehemu ya kupiga picha. Haifiki hata saa moja kati ya kumi na mbili. Zilizobaki ni hizi.

Roboti linapanda na kipande cha dohani ndani ya sanduku lenye mfuniko. Sitaha nzima inanuka yai viza, na harufu ile si mzaha, gesi yenyewe ni sumu, kwa hiyo kipande kinafanyiwa kazi kwenye kabati la kuvuta hewa. Unakipasua kwa patasi iliyochomwa moto. Ndani kinang'aa njano ya kumeta, wachimbaji wadogo wa kwetu wangeshikana mashati, lakini ni salfaidi ya shaba na chuma. Unakwangua tabaka moja moja, la ndani mbali, la nje mbali, maana kati ya upande wa maji ya nyuzi mia tatu na upande wa bahari baridi ni sentimita chache tu, na wakazi wa tabaka hili si wakazi wa lile.

Kisha chupa. Hapa ndipo nilipopapenda. Chupa ndogo ya kioo imefungwa kizibo cha mpira na kubanwa kwa alumini, ndani kuna chakula cha vijidudu kilichoondolewa oksijeni, kimetiwa rangi ya resazurini. Isipokuwepo oksijeni, maji hayana rangi. Ikipenya kidogo tu, yanakuwa pinki. Basi unachoma sindano kwenye kizibo, unasukuma matone mawili matatu ya maji yenye unga wa dohani, unachomoa, na unakaa kuangalia pale sindano ilipopita. Nilishaona kiuzi cha pinki kikishuka taratibu toka kwenye kizibo kama Vimto kwenye glasi ya maji. Hapo ujue hewa imeingia, na hao uliowatoa mita 2,450 wengi wao hewa tunayovuta sisi ndiyo inayowaua. Unaitupa, unaanza nyingine. Zinazobaki safi zinaingia kwenye tanuri la nyuzi 85, na baada ya siku mbili tatu unatazama kwenye hadubini kama kuna vitone vimeongezeka.

Pia kuna kuchuja maji, lita kwa lita, kupitia kichujio chenye matundu ya sehemu 0.2 ya maikromita. Pampu inasema tik, tik, tik saa nzima. Kichujio kikimaliza unakikunja kwa koleo, unakiweka kwenye kijichupa, kijichupa kinaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kusubiri uchunguzi wa vinasaba nchi kavu. Kazi ya mtoto wa darasa la tano, utasema.

Usiku wa tisa nilifanya hivi. Nilikuwa na vijichupa kumi na nane mezani, nimeviandika namba kwa maka peni, juu ya vifuniko tu. Utaratibu ulisema andika na ubavuni. Nilikuwa nimechoka, meli inayumba, nikaona namba moja inatosha. Glavu zangu zilikuwa na ethanoli, spiriti inayofuta wino, kwa sababu kila dakika tunazipulizia ili ziwe safi. Nikavishika kimoja kimoja kuvipanga kwenye kisanduku. Nilipofika cha mwisho nikaona kidole cha glavu ni cheusi. Nikavirudia vyote. Vifuniko kumi na nane vyeupe pee, kama vimetoka dukani.

Mkuu wa zamu hakunigombeza. Alichukua mfuko, akaandika kwa pensili neno moja, "Haijulikani", akavitia vyote humo na kuufunga. Zile zilikuwa saa saba za roboti na kazi ya watu sita. Mpaka leo mfuko ule uko kwenye friza fulani na hakuna wa kusema kichujio kipi kilitoka ndani ya wingu la dohani na kipi kilitoka mita mia pembeni. Ningetukanwa ningelala.

Baada ya hapo nikawa mlokole wa lebo. Pensili, si wino. Kifuniko na ubavu. Daftari linaandikwa kabla mkono haujagusa chupa, si baada. Na kila siku unachuja maji safi yasiyo na kitu na kuyapitisha njia ileile, ili baadaye ujue uchafu wako mwenyewe unafananaje. Majibu ya vinasaba yalipotoka miezi kadhaa baadaye, kichujio kimoja kilijaa bakteria wa ngozi ya binadamu. Ngozi ya nani? Zamu ile tulikuwa wawili, na mwenzangu ana bahati kwamba hatukupimana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu la "mtu wa bara aombe?" ni aombe leo. Kwenye usaili hawakuniuliza chochote kuhusu bahari. Waliomba waone daftari langu la maabara. Nilikuwa nimepima chumvi ya visima vya vijijini kwa mradi wa mwaka wa mwisho, na kila kisima kilikuwa na tarehe, saa, mchoro wa mahali na jina la aliyechota. Waliligeuza kurasa kama dakika kumi, wakafunga, wakaanza kuniuliza navaa viatu namba ngapi. Kama una kazi ya aina hiyo, hata ni maji ya bwawa la Hombolo, itangulize kwenye barua yako kabla ya alama za mtihani.

Na ukikosa nafasi, usikae. Kuna chemchemi ya maji moto Hika, wilayani Manyoni, unakwenda na kurudi bila kuona bahari. Ziwa Tanganyika nalo lina matundu ya maji moto chini yake, yalielezwa miaka ya 1980 upande wa Kongo, sehemu zinazoitwa Pemba na Cape Banza, yakiwa na utando mweupe wa bakteria. (Pemba ile si ya karafuu, msije mkanikosoa.) Mbinu ni zilezile, chupa ni zilezile, pinki ni ileile.

Hukusema mwisho wa maombi ni lini. Kama paspoti huna, anza nayo kesho asubuhi. Barua ya maombi ukishaiandika iweke hapa, ficha jina lako, tuipitie.