Maswali ya Wasomaji: Asumini Inayonukia Korongoni

SWALI: Ndugu Mhariri, nyuma ya shamba letu hapa Hombolo, Dodoma, kuna korongo ambalo vichaka vyake hunukia asumini jua linapozama wakati wa mvua. Mmea wenyewe hutambaa juu ya miti, maua yake ni meupe, na kila kikonyo kina vijani vitatu. Jirani anasema ulitoroka bustanini kwa mtu. Je, ni asumini kweli, na nikiung'oa nikaupanda dirishani utashika?

JIBU: Ndugu msomaji, ni asumini kweli, ila haikutoroka kwa mtu. Asumini ya bustani, ile ambayo akina mama wa pwani huitia kwenye kikuba, asili yake ni Asia ya Kusini, na jani lake ni moja zima. Hiyo yako yenye vijani vitatu ni asumini mwitu, ambayo wataalamu huiita Jasminum fluminense, na kwao ni Afrika. Jina hilo limewapotosha wengi, kwa maana linaitaja Rio de Janeiro: aliyelitoa katika karne ya 19 aliukuta mmea huo Brazili, ambako ulikuwa umekwisha kufikishwa kutoka huku kwetu.

Hupenda vichaka, pindo za misitu na kingo za mito. Shina lake haliwezi kusimama peke yake, kwa hiyo hujizungusha kwenye matawi ya miti mingine hadi lifikie jua, huku mizizi ikibaki kivulini. Katika nchi kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600 na kiangazi hushika tangu Mei hadi Novemba, korongo ndilo linalohifadhi unyevu, nami nasikitika kila nionapo vichaka vya makorongo vikifyekwa kwa ajili ya kuni.

Lisogelee ua jua linapozama. Utaona mrija mwembamba mrefu wenye nekta chini kabisa, ambayo nondo huifikia kwa ulimi wake mrefu; weupe na harufu ndivyo vinavyomwita gizani. Baadaye hutokea vitunda vyeusi vinavyong'aa, ambavyo ndege humeza na kusambaza mbegu. Kule Florida, Marekani, mmea huu ulikopelekwa, ndege wameusambaza hadi umekuwa gugu linalofunika miti.

Usiuchanganye na mtandamboo, ambao nao una maua meupe yenye harufu nzuri: huo una miiba, na ukivunja kijiti chake hutoa utomvu mweupe.

Tafadhali usiung'oe. Mvua zinapoanza, kata kipande cha tawi chenye vifundo vitatu, kisiwe kichanga mno wala kikavu, ufukie vifundo viwili kwenye udongo wenye mboji, ukiweke kivulini na kukinyweshea hadi kichipue. Ukikihamishia dirishani, kiwekee fito au seng'enge ya kupandia, na funika shina kwa majani makavu, maana upepo wa kiangazi cha Dodoma hukausha udongo upesi.