Faru aliyeitwa "pembe mbili" mara mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini majina ya kisayansi ni Kilatini na Kigiriki wakati hakuna mtoto anayezaliwa leo akaongea Kilatini nyumbani. Ni historia tu. Linnaeus, yule mwanasayansi Mswidi, alipoeneza utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili (mimea 1753, wanyama 1758), wasomi wa Ulaya walikuwa wakiandikiana kwa Kilatini. Na lugha isiyo na wenyewe ina faida: maana ya maneno yake haihamihami.

Ila usidhani kuna siri kubwa humo. Faru mweusi ni Diceros bicornis. Neno la kwanza Kigiriki, la pili Kilatini, na yote mawili maana yake ni "pembe mbili"! Kiboko, Hippopotamus, ni "farasi wa mtoni", ingawa sijui nani aliona farasi pale. Twiga ni Giraffa camelopardalis: ngamia mwenye madoa ya chui, na hilo Giraffa lenyewe asili yake Kiarabu, zarafa.

Kumbe basi si lazima neno liwe la Kigiriki au Kilatini. Kima wa Mlima Rungwe, Tanzania, ni Rungwecebus kipunji, kwa jina alilopewa na wenyeji. Mwaka 2019 mnyama mla nyama wa kale, aliyechimbuliwa Kenya, aliitwa Simbakubwa kutokaafrika. Si simba hata kidogo, na mwalimu wangu wa Kiswahili angesahihisha kwa wino mwekundu: "simba mkubwa".