Maswali ya wapenda besi: Squire, Geddy Lee na sufuria la wali

Juzi nilitupia mistari miwili tu kwamba wapiga besi wa prog rock ndo walionifundisha kusikiliza mziki upya, nikajua mtapita tu kama kawaida yenu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa mpaka simu inaganda. Najibu chache leo, na wale mlioniuliza bei ya korosho mnisamehe bana, mi napiga gitaa la besi, sio mtu wa chama cha ushirika.

"Kaka, hiyo prog rock ndo nini, mbona redio za huku hazipigi?" (kijana wa Mikindani)

Ni rock iliyogoma kukaa ndani ya dakika tatu. Mwishoni mwa miaka ya sitini vijana wa Uingereza walianza kuchanganya rock na jazz na mziki wa okestra za Ulaya, bendi ya King Crimson wakatoa albamu yao ya kwanza 1969, af ikawa mbio za kuona nani ana wimbo mrefu zaidi, Yes 1972 wakaja na Close to the Edge dakika 18 na kidogo, Rush wa Kanada 1976 wakaja na 2112 dakika 20, upande mzima wa santuri. Sa redio gani itakupigia dakika 20 na matangazo ya sabuni yanasubiri? Ila wazee wetu wa dansi wasingeshangaa, Sikinde wimbo unaanza taratibu watu wanasimulia mambo ya ndoa, ukifika kwenye chemko ni kama wimbo mwingine kabisa.

"Usizunguke. Namba moja nani?" (huyu hakujitambulisha hata salamu hakutoa)

Chris Squire wa Yes. Nimemaliza.

Haya sijamaliza. Tafuta Roundabout, ipo kwenye albamu ya Fragile ya 1971. Gitaa linaanza peke yake, polepole, unadhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto, ghafla besi inaingia kama mtu kapiga mlango teke. Na haiingii kufuata mguu wa dramu na kushika noti ya chini tu kama tulivyofundishwa wengi, inaimba. Mi kipimo changu cha mpiga besi mkubwa ni hiki: unaweza kuuimba mstari wake peke yake huku unafua nguo? Na ukiutoa, wimbo unabaki umesimama au unadondoka? Kuna wapigaji wanaopita swali la kwanza wanafeli la pili, yani mbwembwe nyingi ila ukiwatoa hakuna anayewakumbuka, na kuna wanaopita la pili wanafeli la kwanza, hao ndo sisi wa bendi za harusi. Squire anapita yote mawili.

Sauti yake ile ya kukwaruza aliipataje? Besi yake ilikuwa Rickenbacker, aliinunua 1965 akiwa anafanya kazi duka la vyombo vya mziki London (aliwahi kuibandika karatasi za maua za ukutani, af akaja kuikwangua mpaka mbao ikapungua unene, vijana bana). Besi ile ina sumaku mbili za kunasa sauti. Ya karibu na shingo aliipeleka kwenye ampu (kikuza sauti) ya besi ikiwa safi, ya kule nyuma akaipeleka kwenye ampu ya gitaa ikiwa imechafuliwa kwa makusudi. Mtu mmoja, ila unasikia wawili, mmoja anabeba mzigo chini mwingine anabishana na gitaa juu. Ongeza kwamba alikuwa anachapa na kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi na dole gumba linagusa waya palepale. Kwenye Fragile hiyohiyo kuna kipande chake kinaitwa The Fish ambapo karibu kila sauti unayosikia ukiacha dramu na kuimba ni besi tupu, imerekodiwa juu ya besi, juu ya besi. Fish lilikuwa jina lake la utani, alikuwa akiingia bafuni hatoki. Alifariki 2015 kwa saratani ya damu, ana miaka 67.

"Anko shikamoo. Geddy Lee umemsahau au umemfanyia kusudi?" (Masasi)

Marahaba. Sijamsahau mwanangu, na yeye mwenyewe hatanuna kuwa wa pili, maana 2017 Yes walipoingizwa kwenye jumba la heshima la rock kule Marekani, Squire hayupo tena, aliyeshika besi kwenye Roundabout usiku ule ni Geddy Lee.

Rush walikuwa watatu tu. Kwaio Geddy anaimba, anapiga besi, anapiga kinanda, na miguu nayo inakanyaga pedo za kutoa noti nzito za chini. We jaribu tu kuimba huku unakuna nazi, uone kama nazi haitakukata kidole. Na besi yenyewe sio ya kushikilia noti moja, ni mistari inayokimbia, na anachapa kwa vidole hashiki plastiki.

Kisikilize YYZ, kwenye Moving Pictures ya 1981. YYZ ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto, na ule mdundo wa mwanzo ni herufi hizohizo kwa mlio wa simu za upepo za zamani, zile ndefu na fupi. Nilikaa barazani Shangani na kalamu nikazihesabu: ndefu ipe mbili, fupi ipe moja, Y (ndefu, fupi, ndefu, ndefu) inakuja 7, Y nyingine 7, Z (ndefu mbili, fupi mbili) inakuja 6, jumla 20. Kila pigo la mguu linabeba nne ndogo, kwaio ishirini ni mapigo matano, ndo maana mguu wako ukihesabu nne unapotea, pale mziki unaenda tano. Nilipoipata hiyo hesabu nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Mbona mi nikisikiliza hizo nyimbo kwa simu siisikii hiyo besi mnayoisifia?" (dada wa Lindi mjini)

Dada yangu hujakosea kitu, simu ndo inakudhulumu. Waya mnene wa besi ukiuchapa wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na kuitoa sauti ya hivo lazima usukume upepo mwingi, sa spika ya simu ina ukubwa wa kifungo cha shati itasukuma upepo gani? Tafuta sabufa, hata ile ndogo ya sebuleni, au hedifoni nzuri kidogo. Squire utamsikia hata kwenye simu kwa sababu ya ile sauti yake ya juu, ila unamsikia nusu mtu.

"Napiga besi kwaya ya kanisa, mwalimu ananikataza mbwembwe. Nifanyeje?" (Ndanda)

Msikilize mwalimu. Nasema hivo kwa uchungu maana mi niliwahi kujifanya Squire kwenye harusi, watu wanacheza vizuri kabisa, nikaanza kupanda juu huko kwenye noti nyembamba, nafumba na macho, kufumbua ukumbi mzima umekaa, mama wa bwana harusi ananiangalia kama nimemwaga pilau. Chini palibaki patupu. Squire akipanda, hebu sikiliza, anapanda wakati kuna kitu kingine kimeshika chini, af anarudi kabla hujamkosa. Na alianzia kwaya ya kanisa akiwa mtoto, naamini ndo maana besi yake inaimba.

Ukitaka mwalimu wa kukutuliza, msikilize Tony Levin, Mmarekani wa King Crimson na bendi ya Peter Gabriel. Anaweza kila kitu ila anachagua. Ndo huyu aliyetengenezewa vijiti vya dramu vifupi vya kuvaa vidoleni ili agonge nyuzi badala ya kuzichapa, wazo lilianzia kwenye wimbo wa Gabriel wa 1986, Big Time, ambapo yeye alishika noti na mpiga dramu akawa anazigonga nyuzi za besi kwa vijiti. Kanisani usijaribu.

"Roger Waters je?"

Huyo mpiga besi wa Pink Floyd kwa ufundi yupo kawaida, na baadhi ya besi za bendi hiyo alipiga Gilmour, mpiga gitaa. Ila mstari wa wimbo wao wa Money wa 1973 hata mtu asiyejua besi anauimba, kwaio kwangu kapita.

"Hiyo Money nasikia inahesabiwa saba. Saba inahesabiwaje?" (Chikongola)

Usihesabu, sema. Sema "ko-ro-sho-za-Ne-wa-la" bila kupumzika, rudia, kila silabi pigo moja. Hiyo ni saba, nne za kwanza af tatu. Ukizoea iweke juu ya Money utaona imekaa. Gitaa likianza kulia lenyewe katikati wanahamia nne ya kawaida, hapo korosho zako zitagoma, usishangae, ziache mpaka wairudishe saba. Na anayesema mziki wa hivi ni wa kizungu hauchezeki, aende akasimame karibu na wapiga sindimba, kila ngoma ina lake linalosema, af ajaribu kuhesabu.

"Nyuzi za besi zinakula kutu na hewa hii ya bahari, nyingine mpaka niagize Dar. Kuna dawa?" (Ligula)

Ipo, ya kimaskini. Zitoe, zikunje taratibu, zichemshe kwenye maji dakika kama kumi, uchafu na jasho la vidole vinatoka, zikaushe na kitambaa mpaka zisibaki na unyevu hata kidogo, af zirudishe. Mlio unafufuka kwa siku kadhaa, kutu iliyokwisha kula haiondoki. Na tumia sufuria lako. Mi nilitumia la wali, na wiki ya pili hii napikiwa ugali tu.