Bendi imempa mwingine kava yangu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mchoraji, naishi Majengo, Moshi. Nimechorea bendi ya roki ya rafiki zangu kava mbili, tangu walipokuwa wakifanyia mazoezi sebuleni kwetu. Albamu ya tatu wamempa mtu wa Dar, wala hawakuniambia. Nimeona tu bango. Rasimu zangu zote nimezitia kwenye boksi, ziko uani zinasubiri kiberiti. Nikate mguu kwao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imeniuma, maana yalinikuta. Miaka ya tisini nilikuwa naandika mabango hapa Ngarenaro na kuchora kava za kaseti za kwaya moja. Walipompa kazi mwingine nikawanunia miaka minne. Nikiwaona stendi, navuka barabara. Wao ndio walionifuata, kwenye msiba wa mama. Hiyo miaka minne naijutia mpaka leo.

Alikuwepo Mwingereza mmoja mbuni wa kava, Storm Thorgerson, aliyefahamiana na vijana wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, tangu ujanani, Cambridge. Kava ya kwanza aliwatengenezea 1968, pamoja na mwenzake Aubrey Powell. Yule ng'ombe wa 1970, kava isiyo na jina la bendi wala la albamu, ni wao. Kioo cha pembetatu kinachopasua mwanga, 1973, ni wao pia, ingawa mkono uliochora ni wa George Hardie. Halafu ikaja albamu ya 1979, ile ya ukuta, kazi akapewa Gerald Scarfe.

Bendi ilipomrudia Thorgerson kwa albamu ya 1987, alishika mstari mmoja wa wimbo unaotaja kitanda kitupu, akapeleka vitanda vya chuma vya hospitali, karibu 700, kwenye ufuo wa Devon. Mvua ikanyesha. Wakaviondoa vyote, wakarudi siku nyingine kuvipanga upya. Santuri hiyo ninayo: vitanda vimetandikwa, vinafuatana mchangani mpaka jicho linachoka. Mwenye kinyongo hapangi vitanda 700 mara mbili.

Wapigie simu. Wapongeze, kisha sema wazi kwamba kuliona bango kabla ya kuambiwa kumekuumiza. Wa Dar usimseme vibaya. Omba nyimbo mpya, hata zile walizorekodi kwa simu, uzisikilize kabla hujashika penseli. Na safari hii muandikiane: malipo kiasi gani, na michoro halisi inabaki kwa nani.

Hilo boksi liingize ndani leo. Masika yanakaribia.