Mkuu, hiyo chesi ya zamani usiitoe Jumamosi

Sitasalimia. Nimefika pale ulipoandika "Jumamosi jamaa wa chuma chakavu anakuja kubeba chesi ya zamani na makorokoro mengine ili nipate nafasi", tumbo likanikata. Mpigie simu. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mwambie umeghairi, mwambie umefiwa na kompresa, mwambie lolote.

Kwa ambao hawakuliona bandiko lake: mwenzetu ana Land Rover Series IIA ya 1964, pikapu, ile ndefu ya inchi 109 (kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma), na anataka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ameuliza rangi, ameuliza injini aifungue au aiache, ameuliza nyaya na matairi, na kama bodi nzima aipeleke ikapigwe mchanga kwa mashine ya hewa kutoa rangi. Maswali mazuri, baadhi nitayafikia. Kwanza chesi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima.

Langu lilikuwa ukoo huohuo, ila fupi, inchi 88. Nilivyolipata ndivyo ulivyolipata lako: bodi inatazamika, chini kumeoza. Hizi gari zinamdanganya mtu. Bodi ni aluminiamu, ile aloi yao ya Birmabright, kwa sababu zilipoanza kuundwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Kwa hiyo juu gari linakaa miaka sitini halina kutu la maana, huku chini chesi ya chuma inaliwa. Tena inaliwa kutoka ndani, maana ni boksi lililochomelewa. Maji na tope vinaingia, havitoki. Nje unaona rangi nyeusi safi. Nilipita na nyundo ndogo nikigonga taratibu kutoka mbele, ting, ting, ting, nilipofika karibu na boriti ya nyuma ikaanza kusema bwa. Nikachukua bisibisi nikasukuma kidogo tu. Ikazama mpaka kwenye mpini.

Hapo ndipo nilipomwita fundi wa kuchomelea. Simtaji, bado tunapishana njiani na ana mikono mikubwa. Akazunguka gari mara moja, akatema mate pembeni, akasema: "Hii ni takataka. Nunua mpya iliyochovywa zinki, hii toa, inakujazia uwanja tu." Na mimi nilikuwa nimeshatazama video za yule bwana mwenye gereji safi kama chumba cha upasuaji, ambaye kila kitu cha zamani anakitupa kwenye pipa huku muziki unapiga. Watu wawili wanaonekana wanajua, wanasema kitu kimoja. Ningekataa vipi?

Nikanunua chesi mpya. Ilipofika inang'aa nikaizunguka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Siku hiyohiyo jamaa wa skrepa akaja. Chesi ya zamani haikuenea kwenye gari lake, akaikata vipande vitatu kwa gesi, na mimi mwenyewe nikamsaidia kubeba kipande cha mbele. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikishika kwa mikono yangu miwili. Nikampa na kiambaza cha zamani, kile cha chuma kinachotenganisha injini na dereva, maana nacho kilikuwa kimetoboka sehemu za miguu. Nikampa na makopo mawili ya bolti na vikorokoro. Akapima, akanilipa hela ambayo haikutosha hata bushi za springi. Nikafagia uwanja, nikapiga picha, nikaandika hapahapa jukwaani "safari imeanza". Kama uzi ule bado upo, tafadhali msiufufue.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Kwanza, chesi mpya haikulingana. Si sana. Tundu za kufungia kiambaza zilipishana kama upana wa kidole upande wa kulia. Ukiwa na chesi ya zamani, unaitandika pembeni, unachukua futi, unapima kutoka kwenye tundu hadi kwenye kibanio cha springi, unajua nani mwongo. Mimi nilikuwa na futi, sikuwa na cha kupima. Nikamuuliza aliyeniuzia, akasema chesi zake hazina tatizo, kiambaza ndicho kimepinda. Aliyeniuzia kiambaza akasema kiambaza chake hakijawahi kupinda, chesi ndiyo. Nikawa hakimu wa kesi isiyo na kielelezo, kwa sababu kielelezo nilikikata vipande vitatu nikakisukumia kwenye gari la mtu. Mwishowe tulitanua matundu kwa tupa, na mpaka leo mlango wa kushoto unafunga kwa kidole, wa kulia unataka bega.

Halafu springi. Wengi hawajui kwamba kwenye hizi Series springi za upande wa dereva na za upande wa pili si sawa. Za dereva zina mpindo mkubwa zaidi, kwa sababu upande ule ndio unaobeba uzito wa dereva na tangi. Za zamani zilikuwa zimeondoka na yule jamaa, mpya zilikuja kwenye mfuko mmoja bila alama. Nikafunga nilivyojisikia. Gari likakaa limeegemea upande kama mlevi ukutani. Nikazifungua zote nikaanza upya. Haya, hayo ni madogo, mtu unacheka.

Hili la tatu sikucheka.

Gari likakamilika. Nikalipeleka kukaguliwa ili karatasi zikae sawa. Mkaguzi, mtu mpole kabisa, akasoma kadi, akachukua tochi na brashi ya waya, akaenda moja kwa moja mbele upande wa kulia, akapiga goti. Ile pembe ya chesi inayochomoza mbele, pale springi inaponing'inia. Akasugua. Akamulika. Akasugua tena. Zinki tupu, laini kama paji la uso. Akainua kichwa akaniuliza, "Namba iko wapi?"

Mkuu, namba ya chesi ya hizi gari imegongwa pale. Kwenye chuma chenyewe, pembe ya mbele kulia. Kile kipande nilichokibeba kwa mikono yangu miwili. Nikasema kuna kibati kingine ndani ya kabini. Akasema nionyeshe. Kibati nilikuwa nimekifungua kutoka kwenye kiambaza cha zamani nikakitia kwenye kopo la bolti ili "kisipotee". Kopo gani? Unajua kopo gani.

Kwa hiyo nilikuwa na kadi yenye namba, na gari lisilo na namba. Kwa macho ya mkaguzi hilo linaweza kuwa Land Rover langu, na linaweza kuwa gari lililoibwa kwa vipande na kupakwa rangi nzuri. Wala simlaumu. Nilimwonyesha risiti ya chesi, akasema hii inathibitisha umenunua chesi, haithibitishi ya zamani ilikuwa ipi. Nikamwonyesha picha nilizopiga wakati nabomoa. Nilipiga picha mia na kitu. Hakuna hata moja ya ile pembe, kwa sababu ilikuwa imefunikwa na grisi na tope na mimi nilikuwa napiga picha za kupendeza. Nikakimbia kwa jamaa wa skrepa. Akaniangalia kwa huruma: chuma cha wiki ile kilishakwenda kuyeyushwa zamani.

Gari lilikaa chini ya turubai zaidi ya mwaka. Barua, viapo, ukaguzi mwingine, mtaalamu mwingine, kurudi kesho. Hela iliyonitoka kwenye hilo peke yake inazidi chesi, kiambaza na rangi vikiwekwa pamoja. Na hata lilipokubaliwa, kwenye karatasi limeandikwa kwa namna ambayo mnunuzi yeyote mwenye akili akisoma anauliza, "Hapa palitokea nini?" Gari nililotaka liwe la asili kuliko yote ndilo lenye asili ya mashaka kuliko yote. Fundi yule nilipomweleza akasema, "Ungeniambia kama unahitaji namba." Ningemwambia! Yaani mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia fundi wa miaka ishirini kwamba chesi ina namba!

Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, mimi mbacha niliukata kwa gesi. Tangu hapo kwangu kuna sheria moja: hakitoki kitu gerejini mpaka gari litoke lenyewe, kwa magurudumu yake, na karatasi zake. Si bolti, si mpira uliopasuka, si bati lililotoboka. Mke wangu anasema naishi dampo. Sawa. Dampo langu lina vielelezo.

Na wewe unayetaka hali ya kiwandani ndiyo kabisa. Kitu kilichooza ndicho kinachokwambia kiwanda kilifanya nini: waya ulipita wapi, kibanio kilikuwa cha umbo gani, bolti ilikuwa ya nyuzi zipi. Hizi gari zina mchanganyiko wa nyuzi za kila aina za Kiingereza, ukitupa bolti moja ya zamani utatumia siku nzima kujaribu nyingine ambazo zinaingia mizunguko miwili zinagoma.

Namba yenyewe ina maneno. Kwenye 88 za IIA za petroli, ikianza na 241 ni gari lililouzwa Uingereza kwenyewe, ikianza na 244 ni la usukani wa kushoto lililosafirishwa nje. Ukiwa nayo unaweza kuwaandikia British Motor Museum kule Gaydon, wanatunza kumbukumbu za kiwanda na wanatoa cheti: lilikamilika lini, lilikuwa na rangi gani, lilipelekwa kwa nani kwanza. Hilo ndilo jibu la swali lako la rangi, na halina ubishi wa jukwaani. Mimi niliandika kwa namba ya kwenye kadi, wakanijibu rangi ya mchanga. Nikaenda kukwangua chini ya fremu ya kiti kwa msasa wa maji, sehemu ndogo kama sarafu: nyekundu, chini yake buluu, chini kijani kilichopakwa kwa brashi ya kufulia sijui, na chini kabisa kabla ya aluminiamu, rangi ya mchanga. Nilikuwa nimeshapuliza buluu. Msicheke.

Kwa hiyo bodi usiipige mchanga! Nilisahau kusema. Chesi piga, madiski ya magurudumu piga, lakini yale mabati ya aluminiamu ni laini, mchanga ukipigwa kwa nguvu yanatutumka katikati, boneti inakuwa kama mto wa kulalia na hairudi. Tumia dawa ya kubabua rangi, taratibu, na uache viraka vichache vya rangi ya zamani mahali pasipoonekana.

Kitu kingine nilichokiona kwenye picha yako ya mbele: taa kubwa ziko kwenye madigadi. Gari la 1964 taa zilikaa katikati, pembeni ya radieta. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya sitini. Maana yake kuna mtu aliwahi kuligonga au kulibadilisha mbele. Sasa jiulize, kama mbele kulibadilishwa, pembe ya chesi je? Namba iliyopo inafanana na kadi? Hujui, na Jumamosi ulikuwa unaitoa.

Nyaya: kabla hujagusa, angalia betri imefungwaje. IIA za miaka yako zilitoka na chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi, kinyume na ulivyozoea. Mimi nilidhani aliyenitangulia alikuwa mjinga, nikageuza. Redio iliyokuwemo ilitoa moshi kidogo, harufu ikakaa wiki.

Basi fanya hivi. Ukishampigia jamaa wa skrepa, chukua mafuta ya taa na kitambaa, safisha pembe ya mbele kulia ya chesi ya zamani. Usitie grainda, hata kidogo, utaifuta namba; naona watu wanafanya hivyo kila siku. Brashi ya waya ya mkono, pole pole. Ikishakauka, paka chaki bapa juu yake kisha futa kwa kiganja. Chaki inabaki kwenye mikwaruzo na tarakimu zinajitokeza. Weka karatasi juu, pitisha penseli, upate nakala. Piga picha kukiwa na kadi pembeni. Halafu nenda kwa wanaosajili magari ukiwa na hayo, waulize wanataka ufanye nini na chesi mpya, kabla hujafunga hata nati moja. Usijigongee namba mwenyewe wala usikubali fundi akwambie "tunahamisha kipande tu, hakuna atakayejua". Huyo mkaguzi mpole atajua.

Picha ya hiyo pembe iweke hapa ukiipata. Na uniambie yale makopo ya bolti yako wapi.