Soul yenye tarumbeta na saksafoni: uanzie santuri zipi

Mtu akiomba soul, muziki wa Wamarekani weusi, yenye wapulizaji, watu humrushia orodha ya nyimbo mia moja. Hazimsaidii. Mpe santuri moja, Otis Blue ya Otis Redding, ya mwaka 1965, na mwambie mara ya kwanza asimfuate mwimbaji. Awafuate waliosimama nyuma yake.

Ilirekodiwa Memphis, kwenye studio ya Stax, jumba la zamani la sinema ambalo sakafu yake iliachwa na mteremko ule ule wa viti. Tarumbeta ni Wayne Jackson na Gene Miller, saksafoni ya tena (tenor) ni Andrew Love, baritoni, saksafoni ya sauti nzito, ni Floyd Newman. Otis alikuwa na kawaida ya kuwaimbia wapulizaji vipande vyao kwa mdomo, nao wakavishika hapo hapo. Ndiyo maana vipande hivyo vinaimbika hata na mtu asiyejua chombo chochote. Chukua "Satisfaction": bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, wenye wimbo, waliupiga mstari wake mkuu kwa gita, ingawa mpiga gita wao Keith Richards alikuwa ameuwazia upulizwe. Otis akawapa wapulizaji haki yao.

Masikio yaliyolelewa na muziki wa dansi, ambako domo la bata hupewa nafasi ndefu kujibizana na magita, yatawaona hawa wa Memphis kuwa wabahili. Mara nyingi wote wanapuliza noti ile ile kwa pamoja, bila kugawana sauti. Wanangoja mwimbaji amalize mstari, wanagonga noti mbili tatu, wanatoka. Sikiliza wanaponyamaza, hapo ndipo wimbo unapopata nguvu.

Kutoka hapo nenda kwa Wilson Pickett, "In the Midnight Hour", studio ile ile, mwaka ule ule. Jerry Wexler, mtayarishaji wa lebo ya Atlantic, alitoka kwenye chumba cha mitambo akawachezea wanamuziki mtindo wa dansi uliokuwa unatamba, ili waelewe kwamba pigo la 2 na la 4 lichelewe kidogo. Ukigonga meza kwa kidole utausikia uchelewaji huo.

Ukitaka upande wa kistaarabu zaidi, tafuta Two Steps from the Blues ya Bobby "Blue" Bland, 1961, ya lebo ya Duke ya Houston. Mpangaji wake wa muziki, Joe Scott, alikuwa mpiga tarumbeta, na hapa hakuna kubahatisha: kila sauti ya chombo imepangiwa mahali pake, tarumbeta zinamchokoza Bland naye anazijibu kwa ngurumo. Kwangu hii inazipita santuri nyingi zenye jina kubwa zaidi.

Aretha Franklin hahitaji kupigiwa debe, ila "Respect" ya 1967 ina jambo la kusikilizwa kwa karibu. Katikati, King Curtis anaingia na saksafoni, na ghafla wimbo unakuwa kama umehamia nyumba nyingine. Ni kweli umehama: kodi (chords, yaani noti zinazopigwa pamoja) za sehemu hiyo zilichukuliwa kwenye "When Something Is Wrong with My Baby" ya Sam & Dave.

Kwa James Brown kuna mtego. "Cold Sweat" ya 1967, iliyopangwa na Pee Wee Ellis na yenye saksafoni ya Maceo Parker, ni lazima uwe nayo. Wapulizaji wanajibu kwa noti mbili, wazo ambalo Ellis alilitoa kwenye "So What" ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi. Lakini albamu yenye jina hilo imejazwa nyimbo za zamani kama "Mona Lisa" na "Nature Boy". Nunua wimbo, si albamu, na hakikisha ni toleo refu la zaidi ya dakika 7.

Al Green, I'm Still in Love with You, 1972: baadhi ya wapulizaji wale wale wa Memphis, safari hii wakinong'ona. Bendi ya Tower of Power ya Oakland iache mwisho. Ni mafundi wa kutisha, ila ukianza nao utadhani kazi ya tarumbeta ni kuonyesha kasi.

Sasa vifaa. Spika ya simu haishuki hadi ilipo baritoni, kwa hiyo unabaki na tarumbeta kali zisizo na sakafu. Tumia hata spika ndogo ya mbao. Tena, stirio nyingi za miaka ya 1960 ziliweka wapulizaji upande mmoja na mwimbaji mwingine. Mkigawana spika za masikioni, mmoja wenu anakosa nusu ya bendi. Tafuta sauti ya mono, inayopeleka kila kitu pande zote mbili, kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu yako. Kwa Otis Blue, toleo la lebo ya Rhino la 2008 lina mono na stirio zote mbili. Anza na mono.

Jihadhari na mikusanyo ya bei chee mtandaoni. Waimbaji wengi walizirudia nyimbo zao miaka mingi baadaye, na tarumbeta zikageuka kinanda cha umeme. Angalia lebo: Stax, Volt au Atlantic ni dalili njema, jina usilolijua na mwaka wa juzi, achana nayo.

Ukinunua santuri iliyotumika, usijaribu wimbo wa kwanza. Omba uwekewe wa mwisho wa upande. Karibu na katikati mtaro unapita polepole chini ya sindano, sauti inabanwa, na tarumbeta ndizo za kwanza kukwaruza. Zikikwaruza hapo tu, huenda ni sindano ya muuzaji. Jaribu na santuri nyingine. Zikikwaruza tangu mwanzo, mitaro imeliwa, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.