Mwanangu yuko jela Marekani na hapewi insulini: anaweza kujisimamia mwenyewe mahakamani?

SWALI: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Wete. Mwanangu amefungwa katika jela ya jimbo huko Marekani, naye ana kisukari tangu yuko skuli hapa Pemba. Anasema insulini huchelewa, siku nyengine haipati kabisa, na mguu umeanza kufa ganzi. Hana pesa ya wakili, anataka kushitaki mwenyewe. Inawezekana? Na sisi huku tumsaidie vipi?

JIBU: Waalaykum salaam, mama, na pole sana. Inawezekana. Wafungwa wengi huko hujisimamia wenyewe, kwa sababu katika kesi ya madai serikali haina wajibu wa kumpa mtu wakili. Lakini kesi nyingi za namna hii huharibika kabla hazijafika kwa jaji, kwa hiyo naanzia huko jela.

Sheria yao ya 1996 inamtaka mfungwa amalize ngazi zote za malalamiko ya ndani ndipo afungue kesi. Muda wa kulalamika umo kwenye kitabu cha kanuni za jela na kila jimbo lina wake. Pengine ni siku chache tu. Katika kesi ya Woodford dhidi ya Ngo, 2006, mfungwa wa California alipitwa na muda wa siku 15 za kazi, na Mahakama ya Juu ikasema kuchelewa ni sawa na kutolalamika. Basi asisubiri kwa kuona haya au kwa kuwaogopa maaskari. Ajaze fomu, abaki na nakala, na akijibiwa vibaya akate rufaa ngazi ya juu. Asipojibiwa ndani ya muda uliowekwa, asikae akingoja; apande ngazi inayofuata kama kanuni zinavyoruhusu. Akinyimwa fomu, aandike tarehe na jina la aliyemnyima, maana njia iliyofungwa na maofisa wenyewe haihesabiwi dhidi yake.

Sasa jambo zito: athibitishe nini? Msingi uliwekwa 1976 katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, na Gamble alikuwa mfungwa wa Texas aliyeandika madai yake mwenyewe kwa mkono. Mahakama ilisema kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili iliyokatazwa na Katiba yao. Hata hivyo Gamble mwenyewe hakufanikiwa dhidi ya daktari: alikuwa ameonwa na matabibu mara 17, na lalamiko lake likaonekana ni ubishi juu ya tiba ipi ingefaa. Uzembe peke yake hautoshi. Lazima ionekane kuwa mtu fulani alijua hatari, kisha akaiacha.

Kwa hiyo neno la kulijenga katika kila karatasi ni "alijua". Asiandike "hawanijali". Aandike hivi: "Tarehe fulani, saa 12 asubuhi, nilimwambia muuguzi fulani kwamba sijapata insulini tangu jana mchana na mguu umekufa ganzi. Alinipima sukari, ikasoma 380. Aliniambia nirudi kesho." Dozi iliyokosekana iandikwe siku ile ile, na kila fomu ya kuomba kuonana na muuguzi iwekwe nakala.

Awashitaki watu kwa majina, maana jimbo lenyewe lina kinga ya kutolipa fidia. Daktari wa kampuni binafsi iliyopewa kazi na jela pia hushitakiwa. Fomu ya madai hutolewa na karani wa mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, si ya jimbo. Muda wa kufungua kesi mara nyingi ni miaka miwili au mitatu, lakini yako majimbo yenye mwaka mmoja. Mguu haungoji hukumu: aombe pamoja na madai amri ya dharura ya kupewa insulini.

Akikubaliwa kuwa hana uwezo, ada ya dola 350 hulipwa kidogo kidogo, asilimia 20 ya kinachoingia kwenye akaunti yake. Mkimtumia pesa jueni kwamba zitakatwa. Aombe pia jaji amtafutie wakili wa kujitolea, na akikataliwa aombe tena kesi ikifika kwenye ushahidi wa kitabibu. Hapo ndipo wanaojisimamia huelemewa, kwa kukosa daktari wa kueleza madhara.

Nyinyi huku hamwezi kusaini wala kusema kwa niaba yake. Lakini mna kazi. Tafuteni cheti cha hospitali kilichoonyesha kisukari chake, kifasiriwe Kiingereza. Yeye asaini fomu ya kuruhusu mpewe rekodi zake za matibabu. Kama bado ni raia wa Tanzania, aombe ubalozi wetu uliopo Washington ujulishwe. Maofisa wake wana haki ya kumtembelea. Simu za jela hurekodiwa, kwa hiyo mipango ya kesi msiizungumze humo. Barua zake zihifadhiwe pamoja na bahasha zenye muhuri wa posta.

Wewe mama unaweza kuandika tamko la ulichokijua juu ya maradhi yake, nalo halihitaji muhuri wa wakili. Kwa kuwa utalisaini nje ya Marekani, lazima liseme kuwa unatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwa mujibu wa sheria za Marekani, kwamba yaliyomo ni kweli. Kisha tarehe na saini. Maneno "kwa mujibu wa sheria za Marekani" yakikosekana, tamko linaweza kukataliwa.